Naomba ushauri kabla fundi hajamwaga zege: choo na bafu la mtumiaji wa kiti mwendo, Uyole, Mbeya

Mwalimu wa Uyole aliuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaandika kutoka Uyole, Mbeya, nikihitaji ushauri wa watu wenye uzoefu, kwa sababu kazi yenyewe sina uwezo wa kuilipia mara mbili. Mdogo wangu wa kike alipata ajali ya bodaboda mwezi wa tatu, akaumia uti wa mgongo. Mikono yake ni mizima na ina nguvu, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hana mwendo wala hisia. Tumeambiwa kwamba baada ya wiki sita hivi ataruhusiwa kutoka hospitalini, naye ameamua kuja kukaa kwangu, ambako tunaishi na mke wangu, watoto wawili na mama yetu mzazi.

Nyumba ni ya tofali za kuchoma. Choo na bafu vimo katika chumba kimoja chenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.1. Mlango ukiwa wazi kabisa unaacha nafasi ya sentimita 68, sakafu ya ndani imeinuliwa sentimita 15 kuliko ya ukumbini, na choo ni cha kuchuchumaa. Fundi niliyemwita amependekeza aweke choo cha kukaa mahali pale pale, ajenge mteremko mdogo mlangoni, kisha afunge vyuma viwili vya kushikilia, kimoja kila upande wa choo. Amesema kazi ni ya siku nne. Bei yake naimudu, lakini moyo wangu haujatulia, kwa kuwa hakuuliza hata swali moja kuhusu mgonjwa mwenyewe.

Ukuta wa pili wa chumba hicho unapakana na stoo yenye upana wa mita 1.2, ambayo niko tayari kuitoa. Je, nafasi hiyo itatosha? Vyuma vitashika katika tofali za kuchoma? Na kama sakafu haitakuwa na kizingiti, maji ya kuoga yatazuiwa na nini yasiingie ukumbini?

Mama wa Mafinga alijibu:

Pole sana, Mwalimu, na umfikishie mdogo wako salamu zangu. Ninatumia kiti mwendo tangu mwaka 2011. Kwa kuwa umesema mikono yake ina nguvu, nitaeleza jinsi mtu wa hali hiyo anavyohama kutoka kwenye kiti mwendo hadi kwenye choo, maana ukiuelewa mwendo huo utaweza kumwongoza fundi hata katika mambo ambayo sitayagusa hapa.

Mtumiaji hukisogeza kiti chake ubavuni mwa choo mpaka viti viwili vikae karibu sambamba, hufunga breki, huondoa egemeo la mkono la upande wa choo, huweka mkono mmoja kwenye chuma cha ukutani na mwingine kwenye kiti chake, kisha huunyanyua mwili na kuusogeza. Kwa hiyo jambo la kwanza analohitaji ni nafasi tupu ubavuni mwa choo, isiyopungua sentimita 90, inayoanzia kwenye ukuta wa nyuma ili yale magurudumu makubwa yapate pa kuingia. Ukifunga vyuma viwili visivyosogea kulia na kushoto, kama fundi wako alivyopendekeza, utakuwa umekizungushia ua choo kile kile unachotaka akifikie. Chuma cha upande wa ukuta kikae palepale siku zote, lakini cha upande wa nafasi tupu kiwe na bawaba, akifika akiinue, akishahama akishushe.

Mita 1.5 kwa 2.1 haitoshi. Kiti mwendo kinahitaji duara la mita 1.5 ili kigeuke, na katika chumba chako duara hilo litakigonga choo. Lakini ukiunganisha stoo utapata upana wa karibu mita 2.8, na hapo mambo yanakaa sawa: katikati ya choo pawe sentimita 45 hivi kutoka ukuta wa pembeni, baada ya choo zifuate sentimita 90 za nafasi tupu, kisha upande wote uliobaki uwe wa kuogea, ukiwa na sakafu ya usawa mmoja na sehemu nyingine bila ukingo wala beseni. Sakafu ikiwa moja, sehemu ya kuogea inapokuwa haitumiki ndiyo inayokuwa uwanja wa kugeuzia kiti. Usiigawanye kwa ukuta mfupi, hata fundi akikuambia kwamba ndiyo mtindo.

Mlango uache uwazi wa sentimita 90 ukiweza, hasa kama ukumbi wenu ni mwembamba, kwa sababu mtu anayekata kona ili aingie anahitaji upana zaidi kuliko anayekuja akiwa amenyooka. Uwazi hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka kwenye ubao wa mlango hadi kwenye fremu ya upande wa pili. Ukimwagiza seremala mlango wa sentimita 90, fremu na bawaba zitakula sehemu yake. Tena ufungukie nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio utakaowazuia wanaokuja kumwokoa.

Nina ombi moja ambalo linaweza kuonekana dogo. Niliwahi kulala katika nyumba ya wageni ambayo mhudumu alinihakikishia kwa simu kwamba bafu lao linafaa, na kwa kweli lilikuwa pana na lilikuwa na vyuma, ila ile nafasi ya ubavuni mwa choo ilikuwa imewekwa kabati la mataulo lililofungwa ukutani kwa skrubu. Nililazimika kumwita mwanamke nisiyemfahamu aje kunibeba. Nyumbani hakuna atakayefunga kabati, lakini yataingia mabeseni, ndoo za akiba na fagio, kwa sababu mtu anayetembea anapoona nafasi tupu huona mahali pa kuwekea vitu. Waeleze wote wa nyumbani, watoto wakiwemo, kwamba nafasi ile ina kazi.

Fundi mwashi wa Kihesa alijibu:

Mwalimu, mimi ni fundi mwashi hapa Iringa, na ninaafikiana na mama aliyetangulia. Nitazungumzia sakafu na kuta, kwa sababu choo, koki na sinki unaweza kuvibadilisha mwaka kesho, lakini sakafu na kuta zikishakamilika ni vigumu kuzirudia.

Zile sentimita 15 zimetokana na choo cha kuchuchumaa. Choo hicho kina shingo iliyopinda chini yake, inayobaki na maji ili kuzuia harufu, na mafundi wengi huinua sakafu nzima ili shingo hiyo ipate pa kukaa bila kuchimba zaidi. Choo cha kukaa kina shingo hiyo ndani ya umbo lake, juu ya sakafu. Kwa hiyo ukikiondoa cha zamani huna sababu ya kubaki na sakafu iliyoinuka, wala hutahitaji mteremko mlangoni. Mteremko unaofaa kwa kiti mwendo hupanda sentimita moja katika kila sentimita 12, maana yake sentimita zako 15 zingehitaji mteremko wa mita 1.8 katikati ya ukumbi. Alichokusudia fundi wako kuweka mlangoni kingekuwa kilima.

Vunjeni sakafu, mwondoe kifusi, mmwage zege upya kwa usawa wa ukumbi. Kabla ya hapo fungua chemba ya nje uone bomba la maji machafu limeingia kwa kina gani, kwa sababu maji ya kuoga lazima bado yashuke kuelekea huko sakafu ikishateremshwa. Tundu la kutolea maji liwe kwenye kona ya mbali ya sehemu ya kuogea, na sakafu ielekee huko kwa kushuka sentimita 2 katika kila mita. Usizidishe, kwa sababu kiti kilichofungwa breki juu ya sakafu iliyolala sana huyumba mtu anapojinyanyua. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu maji: mteremko mdogo uliopimwa vizuri kwa pima maji unafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kizingiti. Ukitaka ulinzi zaidi, mlangoni weka ukingo wa mviringo usiozidi sentimita moja. Vigae viwe vya kukwaruza, na ukiweza uchague vidogo, kwa kuwa mistari mingi ya viungio huongeza mshiko na vigae vidogo hufuata mteremko bila kuvunjika kona.

Kuhusu stoo, angalia kwanza kama lenta, yaani boriti ya zege yenye nondo, inapita juu ya ukuta mnaotaka kuubomoa, na kama kuna mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, zinazoukalia. Ikiwa lenta haipo, msiguse tofali hata moja mpaka mpitishe boriti ya zege yenye nondo na iachwe ikomae.

Sasa vyuma. Katika kazi yangu ya kwanza ya namna hii nilitoboa tofali ya kuchoma, nikaweka plagi za plastiki na skrubu ndefu, nikaona pameshika. Haukupita mwaka, chuma kikachomoka pamoja na plasta, na mzee aliyekuwa amekishika akaanguka. Sijafanya hivyo tena. Tofali zetu nyingi ni laini katikati na hazilingani katika kuiva, na chuma cha namna hii lazima kibebe uzito wa mtu mzima anayejinyanyua kwa nguvu. Miongozo ya Marekani inataka kistahimili kilo 113 hivi. Njia ninayoitumia sasa ni kukata ukuta mahali chuma kitakapokaa na kumwaga nguzo fupi ya zege yenye nondo ndani yake. Ikiwa ukuta hautakatwa, bolti zipite upande wa pili na kukazwa juu ya bamba la chuma. Bomba la maji la chuma la inchi moja linafaa sana, kwa sababu kipenyo chake cha nje ni milimita 33 na ushee na kiganja kinalizunguka vizuri. Liache sentimita 4 kutoka ukutani. Nafasi ikiwa ndogo vidole vitachubuka, ikiwa kubwa mkono unaweza kuteleza ukazama nyuma ya bomba mwili mzima ukiwa hewani.

Sehemu ya kuogea ningekushauri ujenge benchi la tofali lenye urefu wa sentimita 45 kwenda juu, ulivike vigae. Halitikisiki na halioti kutu.

Mwalimu wa Uyole aliandika:

Nawashukuru sana. Lenta ipo, nimepanda darini kuangalia. Nina maswali mawili zaidi. Kwanza, chuma kikae juu kiasi gani? Nimeona sehemu moja wameandika sentimita 68, nyingine zaidi ya 84, na sijui nimwamini nani. Pili, hapa kwetu maji ya bomba hukatika mara kwa mara, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Mara nyingi tunaoga kwa ndoo ya maji ya moto na kata. Je, mtu aliye kwenye kiti ataogaje hivyo?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mbeya, alijibu:

Mwalimu, vipimo vyote viwili ni vya kweli. Sentimita 68 hutumika Uingereza, na 84 hadi 91 ni vya Marekani. Chuma cha chini kinamsaidia mtu anayejisukuma juu kwa viganja, na cha juu kinamsaidia zaidi anayejivuta au anayesimama. Mdogo wako atakuwa anajisukuma, kwa hiyo ningeanza na kile cha chini, lakini usifunge chuma chochote kabla hajafika. Fundi amwage ile nguzo ya zege kuanzia sentimita 60 hadi 95 kutoka sakafuni, kisha mdogo wako aketi, mmoja wenu ashike bomba ukutani kwa urefu mbalimbali, na mtie alama pale anapoona mkono wake una nguvu. Vivyo hivyo kuhusu choo: kimo cha sentimita 45 hadi 48, pamoja na kikalio, kinawafaa wengi, lakini kinachotakiwa hasa ni kilingane na kiti chake akiwa amekalia mto wake. Ukiwasiliana na wanaomhudumia hospitalini watakupa kipimo hicho, na watakuambia pia anahama vizuri zaidi kwa upande gani. Swali la upande liulize leo, kwa sababu ndilo litakaloamua choo kikae kona ipi.

Kwa heshima, sikubaliani na fundi kuhusu benchi la vigae. Ngozi isiyo na hisia haimwambii mwenyewe kwamba imebanwa au imechubuka, na kidonda kinachoanzia kwenye makalio kinaweza kumlaza mtu miezi mingi. Vigae ni vigumu na ni vya baridi, na kingo zake hukwaruza mtu anapojiburuta. Tafuta kiti cha kuogea chenye kikalio laini kisichonyonya maji, au mwambie mchomeleaji atengeneze fremu, kisha fundi wa makochi aivike sponji na ngozi ya plastiki. Kikalio cha choo nacho, kikipata ufa, kitupwe siku hiyo hiyo.

Maji ya moto ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache, na mdogo wako akijimwagia mapajani hatajua mpaka aone ngozi imevimba. Miongozo ya Marekani huweka kikomo cha juu cha maji ya kuoga kwenye nyuzi 49. Kwa ndoo, utaratibu uwe mmoja siku zote: maji ya baridi yatangulie, ya moto yaongezwe, kisha apime kwa kiwiko kabla ya kuyafikisha kwenye miguu. Ukiweka shawa ya umeme, iwe na mpira mrefu wenye kichwa cha kushika mkononi, na koki iwe mahali anapoifikia kabla hajakaa chini ya maji, ya mkono mrefu isiyohitaji kuzungushwa. Bomba la maji ya moto likipita chini ya sinki, livike, kwa sababu magoti yatakuwa yanaligusa.

Kuhusu baridi, kuna jambo ambalo familia nyingi huona haya kuliuliza. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huweza kukaa chooni nusu saa au zaidi, kwa kuwa matumbo yake yanahitaji utaratibu maalumu. Katika asubuhi ya Uyole muda huo ni mrefu mno kwa chumba chenye dirisha la nyavu tupu. Weka dirisha la kioo linalofungwa, lenye kishikio anachoweza kukifikia akiwa ameketi. Tafadhali msiingize jiko la mkaa humo, hata kwa dakika kumi. Moshi wake usioonekana unaua katika chumba kilichofungwa, na miguu isiyo na hisia ikiligusa jiko haitajiondoa.

Mama wa Mafinga alijibu:

Niongeze kuhusu ndoo, kwa kuwa ndiyo maisha yangu. Ndoo ikiwa sakafuni, kila kata moja unainama, na mtu asiye na nguvu za kiuno akiinama mara ya ishirini anaweza kwenda na ndoo yenyewe. Jengeni kibao cha zege ukutani, kimo cha sentimita 45, upande wa mkono wake wenye nguvu, na koki ya kujazia iwe juu yake kabisa, ili ndoo ijae ikiwa palepale itakapotumika na pasiwe na mtu wa kuibeba. Huko ndiko kuoga peke yako bila kumsubiri mtu, Mwalimu, na mdogo wako atalithamini kuliko vigae vyote.

Sinki liachwe tupu chini, bila kabati wala nguzo, magoti yapite. Ukingo wake wa juu usizidi sentimita 85. Kioo kishushwe, maana kioo kilichofungwa kwa wanaosimama humwonyesha aliyeketi dari. Komeo la mlango liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje. Ana haki ya kujifungia kama mtu mzima mwingine yeyote, na nyinyi mnapaswa kuweza kuingia akiita.

Mkazi wa Rungwe alijibu:

Nimefaidika na mjadala huu, ingawa kwetu kijijini choo ni cha shimo na kiko nje. Tulichofanya kwa ajili ya baba ni kumwagiza seremala kiti imara chenye tundu katikati, kikakaa juu ya tundu la shimo, na kufunga vyuma kwenye miguu ya kiti hicho badala ya ukutani, maana kuta zilikuwa za mbao. Kazi kubwa ilikuwa njia. Kwa mvua za huku, zege lililolainishwa kwa niru, yaani saruji laini ya kumalizia, huota ukungu wa kijani na kuteleza, ikabidi tulivunje na kumwaga lingine tukalichora kwa ufagio lilipokuwa bado bichi. Anayejenga njia ya kiti mwendo huku nyanda za juu asikubali fundi ailainishe, hata kama itapendeza.

Mwalimu wa Uyole aliandika:

Nimerudi kuwapa taarifa. Jana nilizungumza na mdogo wangu kwa simu, nikamuuliza kuhusu upande. Amesema anahama vizuri zaidi akielekea kushoto, kwa hiyo choo kitakaa kona ya kushoto kwake akiwa ameketi, kinyume na nilivyokuwa nimechora. Kimo cha kiti chake na mto ni sentimita 49. Nimempigia fundi, na tumekubaliana kwamba choo kipandishwe juu ya kitako cha zege chembamba ili kifikie hapo.

Leo asubuhi tumechora chumba chote kwa chokaa uani, mita 2.8 kwa 2.1, tukaweka kreti la soda mahali pa choo na ndoo mahali pa sinki. Jirani yetu mmoja ambaye naye anatumia kiti mwendo alikubali kuja kukizungukia. Aligonga sinki mara mbili, tukalisogeza sentimita 20 kuelekea dirishani, akapita. Kisha mama yetu, ambaye magoti yanamsumbua na alikuwa hajasema neno tangu tuanze, akaomba kipande cha bomba kiongezwe pia karibu na mlango, kwa sababu hapo ndipo yeye hushika fremu kila anapoingia usiku. Sikuwahi kulijua hilo, na tunaishi naye miaka tisa.

Fundi alikuja na kusimama nasi pale uani, akapima mwenyewe kwa tepu na kuandika kwenye daftari lake. Siku nne zimekuwa kumi na mbili, na bei imepanda, lakini stoo imeshaondolewa vitu na chemba imefunguliwa: bomba liko chini ya kutosha. Jumatatu wanaanza kuvunja sakafu. Mlango nitauagiza zege likishakauka na fremu ikishasimama, nipime uwazi wenyewe, na mashimo ya vyuma yatangoja mpaka mdogo wangu afike.